Siku Kumi za Mkate na Mtindi

Kambi ya Handaki, milimani
West Virginia
12 Oktoba 1930

Dada yangu Vashti,

Barua hii ikukute una nguvu, Mama awe na nguvu kukuzidi, na yule mbwa wetu mvivu awe bado anapumua. Ukitaka kujua habari zangu, mimi ni chuma cha reli. Nimeshafika Macon, nimeshafika Atlanta, Mobile nilipita nimelala lakini nayo naihesabu, na sasa niko hapa juu ambako mawingu yanapita chini ya miguu ya watu. Mwambie Mama amezaa msafiri.

Kazi yenyewe ni kutoboa mlima kutoka upande huu mpaka ule, mto upite ndani. Mto wenyewe haukuulizwa. Mimi nashika mashine ya kutobolea mwamba, Lonzo wa Bi Zipporah ananishikia ncha yake. Tulitoka naye Georgia pamoja, tunalala kitanda juu ya kitanda, na bado anaimba usingizini kama alivyokuwa akiimba kanisani, yaani vibaya.

Mwamba wa humu ni mweupe kama sukari na vumbi lake ni laini kuliko unga wa ngano. Tukitoka zamu, hujui nani mweusi nani Mtaliano. Sote nyuso nyeupe, macho mawili meusi katikati. Nyapara akaangalia akacheka, akatuita Posamu, na jina limeshika kambi nzima. Kuna Mtaliano mmoja, Beppe, hajawahi kumwona posamu maishani. Nikamweleza: ni mnyama ukubwa wa paka, uso wa mzee aliyemwagiwa unga, mkia wa panya, mfuko tumboni wa kubebea watoto, na ukimtisha anajifanya amekufa mpaka uondoke. Beppe akasema, nanyi mnamla? Nikamwambia, kaka, wewe unakula konokono, mimi nimekuuliza?

Krismasi niko nyumbani. Basi nikamatie posamu mmoja, mweke kwenye pipa, afunge na kusali kama kawaida. Nataka nimkute na viazi vitamu pembeni. Huku wanatupa maharage tu, hata nikicheka natoa sauti ya maharage.

Mdogo wako, mwanaume wa milimani,
Cephus


Pine Fork, Georgia
9 Novemba 1930

Cephus mdogo wangu,

Sisi wazima, wewe je? Mama anakusalimu. Magoti yake yanamuuma, macho ni yale yale ya giza, lakini masikio yake yanasikia mpaka unayowaza. Nilimsomea barua yako mara tatu, na kila mara anacheka kwenye konokono.

Posamu wako yupo. Sikumtafuta, alijileta. Amekula kuku wetu wanne, na yule mwekundu mtagaji akiwemo. Siku ya tano nikamkuta bandani, manyoya mdomoni kama ndevu. Nikainua ufagio. Hata sijampiga akaanguka chali, ulimi nje, meno wazi, harufu ya uozo imemtoka. Nikakukumbuka wewe. Una miaka saba, umetumwa maji, unadondoka mlangoni umekufa. Mama anapiga kelele, mimi nakufinya kidole gumba cha mguu, unacheka. Basi na huyu nikamfinya kidole. Hakucheka. Amekushinda.

Nikambeba kwa mkia mpaka kwenye pipa, nikaweka ubao juu na jiwe juu ya ubao. Anapewa mkate wa mahindi na mtindi, asubuhi na jioni. Mama anasema siku kumi zisipungue, maana huyu hana adabu, anakula kuku, anakula chura, anakula mzoga wa nyumbu wa jirani, na hujui kipi kingine. Siku kumi za mkate ndizo zinazomfanya nyama.

Pamba mwaka huu ni aibu. Lakini usijali, tunakula. Wa kwanza kula ni posamu, halafu sisi.

Njoo Krismasi. Mwambie Lonzo mama yake anamfumia soksi.

Dada yako,
Vashti


Kambini
4 Januari 1931

Dada Vashti,

Heri ya mwaka mpya, na unisamehe kabla sijakueleza. Najua mliniwekea sahani. Hawakuturuhusu kutoka, mlima unatobolewa usiku na mchana, na anayeondoka anakuta nafasi yake ina mtu. Kikohozi kidogo ninacho. Kila mtu anacho, tukikohoa pamoja utadhani ni kwaya. Jamaa wakubwa wa kampuni walikuja kuangalia, wamejifunga vitambaa puani. Nikamwambia Beppe, ona, hawa wanaona haya kunuka pamoja na sisi.

Sasa keti chini. Lonzo amefariki. Ilikuwa tarehe ishirini na moja Desemba. Alianza kukohoa siku moja na mimi, lakini mimi unanijua, mimi ni chuma. Yeye alikonda na kuweweseka mpaka akawa anaulizia soksi zake za baridi akiwa amezivaa. Daktari wa kambi alisema ni kichomi. Asubuhi walikuja na gari la farasi wakamchukua, wakasema wanampeleka kwenye makaburi mazuri, yana kanisa. Mwambie Bi Zipporah kwa upole wewe, maana una upole ambao mimi sina. Mwambie aliimba mpaka mwisho.

Basi nikasema Lonzo haondoki bila karamu. Mimi nani? Mimi Cephus Tarver. Kuna shamba la mahindi ng'ambo ya barabara, limevunwa zamani, lakini posamu wanalikanyaga kama soko. Nikatengeneza mitego ya visanduku, nikaitega jioni. Udongo wake ni laini, sanduku linakaa lenyewe. Asubuhi nikakuta watatu. Dada, wamenona! Baridi yote hii, theluji chini, na wao wanatembea na vitambi kama mashemasi. Sijui wanakula nini. Nikawachoma na vitunguu, tukala watu kumi na wawili. Beppe alilamba mifupa, akaniita maestro, ambalo kwao ni neno kubwa kuliko bwana. Tukamwimbia Lonzo. Jumapili iliyofuata nikatega tena.

Mama asijue, lakini siku kumi sikungoja. Wanaume kumi na wawili wenye njaa hawana siku kumi.

Nitakuja Pasaka. Posamu wangu msimguse.

Mdogo wako,
Cephus maestro


Pine Fork
25 Januari 1931

Cephus,

Tunakusalimu kwa majonzi. Nilikwenda kwa Bi Zipporah kwa miguu. Aliponiona nimevaa kofia ya kanisani siku ya Jumatano alijua. Hakulia mbele yangu. Aliendelea kufuma ile soksi mpaka akaimaliza, akakata uzi kwa meno, akanipa zote mbili nikuletee wewe.

Ana ombi moja. Anataka kujua kaburi liko wapi. Kuna mti gani karibu, kichwa kimeelekea wapi, kuna jina au hakuna. Anasema mtoto wake hakuwahi kulala mahali ambapo yeye hapajui. Cephus, nenda ukapaone, uniandikie. Vaa shati safi.

Mama alijua habari ya zile siku kumi. Niliruka mstari ule nikisoma, akaniambia rudi nyuma, umeruka. Kisha akasema, nami nakuandikia kama alivyosema: "Usimlete mezani usiyejua alikula nini."

Posamu wako sasa ni mpangaji. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe halishiki. Anamaliza mkate kuliko sisi wawili. Unga umepungua na mimi nilisema tumle tupumzike, Mama akakataa. Akasema akiliwa yule, ni kama tumekubali kwamba huji. Anakata mkate wake nusu, anampelekea mwenyewe, anapapasa ukuta wa banda mpaka kwenye pipa.

Kikohozi chako kidogo ni kidogo kiasi gani? Nijibu hilo kwanza.

Dada yako,
Vashti


Pine Fork
1 Machi 1931

Cephus,

Salamu. Ni wiki tano sasa. Bi Zipporah ananiuliza kila Jumapili, nami kila Jumapili nasema posta imechelewa. Andika hata mstari mmoja. Andika uongo, mradi uwe na mwandiko wako.

Dada yako


Kambini
22 Machi 1931

Dada,

Usimsomee Mama barua hii.

Mimi ni mtu wa maneno mengi, wewe unajua, lakini wiki hizi nilikuwa sina hata moja. Nilivaa shati safi kama ulivyosema. Nikaenda ofisini nikauliza makaburi yenye kanisa yako wapi. Hakuna aliyeyajua. Nikamfuata mzee anayeendesha lile gari la farasi, nikampa tumbaku yangu yote. Akaitafuna kidogo, hakunitazama, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Ni shamba lile la mahindi.

Wapo wengi. Hakuna kanisa, hakuna mti, hakuna jina. Ni vijiti tu, na vingine vimeanguka. Ardhi ilikuwa imeganda, hawakuchimba hata kufika gotini, ndiyo maana udongo ni laini juu. Na kila mahali kuna vishimo vidogo, na zile alama za miguu unazozijua, kama viganja vya mtoto mchanga. Mitego yangu bado ilikuwa pale. Mmoja nilikuwa nimeutega katikati ya vijiti viwili, Vashti. Mimi mwenyewe. Nilifurahi siku ile kwamba umekaa vizuri.

Hawajui wenzangu. Beppe juzi aliniuliza karamu nyingine lini. Nilicheka, kisha nikaenda nyuma ya kibanda.

Labda sivyo. Labda walikula mahindi yaliyobaki tu. Nimejiambia hivyo, na mimi ni hodari wa kushawishi watu, lakini huyu mmoja amekataa kushawishika. Ladha haitoki. Nakunywa kahawa, iko. Natafuna tumbaku, iko. Mama alisema usimlete mezani usiyejua alikula nini. Sasa asiyejulikana alikula nini ni mimi.

Kikohozi uliniuliza. Si kidogo. Nikipanda ngazi tatu naketi. Vumbi lile limeingia na halina njia ya kutoka. Wameniambia nipumzike, na nikapumzikie mbali. Nauli ninayo ya kunifikisha.

Nakuja, lakini kwa sharti, na uniapie. Usiniingize ndani, na Mama asinibusu. Kuna lile ghala la pamba mwisho wa shamba, na pamba mwaka huu haikulijaza. Niweke humo, unipe mkate wa mahindi na mtindi, asubuhi na jioni, siku kumi. Usifungue mlango mpaka zitimie. Ya kumi na moja nitavaa soksi za Lonzo nije mezani.

Yule wa kwenye pipa mwachie aende. Sitamla, wala mwingine yeyote, mpaka kufa.

Bi Zipporah mwambie kuna mwerezi, mkubwa, na kichwa kimeelekea nyumbani.

Mdogo wako


Pine Fork
30 Machi 1931

Cephus mdogo wangu,

Hatujambo, nawe njoo ulivyo. Nakuapia ingawa sipendi. Ghala nimelifagia, nimeweka godoro la maganda ya mahindi, blanketi la Baba na soksi za Lonzo.

Barua nilimsomea Mama kwa kuruka. Aliponisikiliza mpaka mwisho akasema, barua hii ina mashimo. Nikaikunja upesi.

Bi Zipporah nilimwambia mwerezi. Akauliza, mrefu kiasi gani? Nikasema unafikia kimo cha kanisa. Akauliza, una ndege? Nikasema wapo. Ametulia, mimi ndiye silali. Ukija tutaubeba wote wawili huo mwerezi, peke yangu ni mzito.

Pipa la posamu nililiburuta, nikalilaza upande ukingoni mwa msitu. Miezi yote hiyo ya mkate, nilidhani atakimbia. Akaanguka kwenye majani, amekufa. Nikasimama. Nikamwambia, bibi, hakuna anayekutaka. Nikarudi nyuma hatua ishirini, likafunguka jicho moja, kisha la pili, akajikusanya akaondoka polepole na kitambi chake bila kugeuka. Wale watakuwepo hata sisi tukiwa hatupo.

Kuhusu lile la shambani nina neno moja tu. Uliwapa wenye njaa chakula kwa jina la rafiki yako. Mimi nimelipima, sikuona dhambi. Lakini mkate nitaoka.

Dada yako,
Vashti


[Vikaratasi, chini ya sahani]

Ghala la pamba, 7 Aprili, siku ya kwanza

Dada, nimefika. Nisamehe nilikukimbia kisimani, sikutaka unione mchana kweupe. Mkate ni ule ule. Shemasi aliyenileta na mkokoteni alinitazama njia nzima kama anayenipimia sanduku. Nikamwambia mimi ni mwembamba kwa mtindo, ndivyo wanavyovaa mjini.
C.


Siku ya pili

Nilikuona mgongo tu na ulinitosha kulia. Kula wote. Uliacha ukoko. Unga ni mchache, hata ukoko una kazi nyumba hii.
V.


Siku ya nne

Nimekula ukoko. Jogoo wako anawika saa tisa, mwambie handaki limefungwa. Nikikohoa naziba mdomo kwa pamba, Mama asisikie. Ladha bado iko, lakini imesogea pembeni kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.
C.


Siku ya tano

Anasikia. Jana mezani aliniuliza, mgeni wetu wa ghalani anakula vizuri? Nikasema mgeni gani. Akasema, yule anayekohoa kama Baba yenu alivyokuwa akipiga chafya, mara tatu halafu moja. Tangu hapo mkate anaoka yeye, mimi ananifukuza jikoni.
V.


Siku ya saba

Nilijua, una chumvi zaidi. Dada, leo nimekula kipande cha asubuhi na nikasikia mahindi. Mahindi tu! Na mtindi. Kwa muda wa kama kuhesabu ishirini hakukuwa na kitu kingine mdomoni. Nilitaka kuimba, pumzi ikanikatalia, nikaimba moyoni, vibaya, kama Lonzo. Nilikuambia mimi ni chuma. Zimebaki tatu. Soksi nimeshazivaa, miguu inaniganda, lakini hii si kuvunja sharti.
C.


Siku ya nane

Mama ametoka kwako sasa hivi, kaja ananishika mkono mpaka mlangoni, kwa hiyo nimesikia yote, na wewe ulisikia. "Cephus, mimi nilizaa mtoto, sikuzaa posamu. Toka humo." Na wewe na ubishi wako: "Siku mbili, Mama." Sauti yako ilikuwa ndogo. Alisimama pale ameweka kiganja kwenye mbao mpaka nikamshika mkono tukarudi. Nataka kuvunja kiapo. Niambie nivunje.
V.


Siku ya nane, jioni

Usivunje. Nilitia kiganja changu upande wa pili, mwambie. Mbao ilikuwa na joto. Zikiisha hizo mbili nakuja mezani, na Mama anibusu mpaka anichoke. Weka viazi vitamu.
Mdogo wako,
Cephus


Siku ya tisa, jioni

Cephus,

Karatasi hii naipitisha chini ya mlango kwa sababu sahani ya asubuhi iko pale nilipoiacha, mkate una siafu, na mtindi umefanya ngozi juu.

Nimekuita mara tatu. Kupitia ufa wa mbao naona miguu yako, soksi za kijivu, moja imetoka, kidole gumba kiko wazi. Umelala chali katikati ya ghala kama ulivyokuwa ukilala mlangoni. Mama yuko nyuma yangu, ananiuliza anafanya nini, anafanya nini. Nimemwambia unajifanya. Nimemwambia ni mchezo wako ule wa zamani.

Kama ni mchezo, fungua jicho moja. Hakuna anayekutaka kwa ubaya hapa.

Niliapa mpaka siku ya kumi. Naivunja. Nimeshika shoka. Nikishavunja komeo ulilofunga kwa ndani nitakuja nikufinye kidole gumba cha mguu, na wewe ucheke, Cephus. Ucheke.

Dada yako